Kisanduku cha Simjui

Naila alinipigia simu asubuhi, nikiwa darasani, na nilipoona jina lake nilijua kabla sijapokea. Baba yake alikuwa amelazwa mara mbili mwaka huo. Sikuwahi mazishi, kwa hiyo nilikwenda arobaini. Basi lilinishusha Mingoyo, nikachukua gari dogo hadi Lindi mjini, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilikuwa nimesimama tena mbele ya ile nyumba ya Rasbura yenye mlango wa kijani, mkononi nikiwa na mfuko wa tende kama mtu aliyechelewa futari. Wanaume walikuwa wamemaliza kusoma hitima, masinia yanaoshwa uani. Bi Hawa, mjane, alikuwa bado kwenye eda, amekaa sebuleni na wanawake wa karibu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo ilikuwa imepungua, akanivuta nikae kwenye mkeka pembeni yake. Mbele yetu ilikuwepo televisheni. Juu ya televisheni kilikuwepo kitambaa cheupe chenye maua ya waridi yaliyofumwa kwa mkono, kimekunjwa kwa nyuma, kama nilivyokiacha. Nilikitazama nikasikia hasira yangu ya zamani ikiamka, na hasira ile, nikiri, haikuwa ya msiba.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa sijafika miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nafundisha kompyuta kwa kujitolea katika shule moja ya sekondari, na nilipanga chumba cha uani kwa Mzee Yakubu, baba yake Naila, aliyekuwa na duka la vitambaa na vyombo sokoni. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililoangalia jiko, na kwa sababu hiyo nilijua mambo ya nyumba ile kwa pua na kwa masikio. Nilijua Bi Hawa anakaanga bajia kabla ya kuziona. Nilijua Mzee amerudi na hasira kwa namna alivyovua viatu. Walikuwa wakizungumza Kikachi, lugha ya wazee wao kutoka India, wanapogombana na Kiswahili wanapopatana, kwa hiyo mimi nilisikia zaidi mapatano. Lakini habari ya Naila niliisikia yote, maana ilizungumzwa kwa lugha zote mbili. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhasibu Dar es Salaam, na baba yake hakutaka aende kukaa bweni. Waligombana wiki nzima. Mwishowe walikubaliana asome akiwa nyumbani, kupitia mtandao, na Mzee akavuta intaneti ya waya ndani ya nyumba. Ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu. Naila alisomea pale mezani, karibu na ruta inayogawa intaneti, kijitabu cha masomo upande huu na mkeka wa mama yake wa kuchambulia mchele upande ule.

Waya ulipoingia, Mzee naye alinunua televisheni inayoshika mtandao. Hakuitaka kwa ajili ya mpira wala tamthilia. Alikuwa hajawahi kwenda Hijja, na mtu mmoja dukani alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba Makka inaweza kuonekana moja kwa moja, dakika hiyohiyo. Jambo lililomfurahisha zaidi ni kwamba saa za Makka na saa zetu ni zilezile. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, akinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani halafu kwenye kioo, "wao wana saa kumi na mbili kasoro, na sisi tuna saa kumi na mbili kasoro. Mtu wa Rasbura na mtu wa Makka wanatazama saa moja." Ramadhani ilipoingia akaanza kualika majirani wafuturu kwake. Wanaume walikaa sebuleni, kisomo cha Makka kikienda taratibu kwenye televisheni, na sisi wanawake tulikaa uani na masufuria. Mimi ni Mkristo, lakini nilikaa nao. Mchana nilikula ndani ya chumba changu, mlango nimeufunga, chakula ambacho Bi Hawa mwenyewe alikuwa ameniachia chini ya kawa bila kusema neno.

Siku ile alikuwa amealikwa imamu. Bi Hawa alikuwa ametengeneza uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, sambusa, na ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa ambayo niliileta mimi, akaniambia, "Skola mwanangu, hiyo nayo wataila? Imamu mtu wa mjini." Tulisikia kisomo kutoka sebuleni, sauti nzuri inayopanda na kushuka. Kisha, katikati ya aya, kikakatika, na sauti ya mwanamke mwenye kicheko ikasema kwamba leo ni siku yako ya kushinda, weka mkeka wako, ubeti kwa simu yako. Muziki ukafuata. Naila alikuwa na kijiko cha uji mkononi na kilibaki hewani. Rimoti ilikuwa imezama kwenye mto wa kochi, tukasikia Mzee akiitafuta, na kadiri alivyoitafuta ndivyo yule mwanamke alivyoendelea kuahidi. Baadaye Naila, aliyechungulia, alinisimulia kwamba yule mwanamke alikuwa amevaa nguo fupi. Imamu aliangalia tende zake tu.

Wageni walipoondoka kwenda msikitini Mzee alikuja uani. Hakupandisha sauti. "Naila," alisema, "mpaka Idi. Baada ya Idi waya ninaukata."

"Na masomo yangu, Baba?"

"Masomo yaliyokuja na mlango wa kamari siyataki."

Naila alianza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufafanua mambo, na ambaye siwezi kuona mtu hajaelewa kitu nikanyamaza, nilisema, "Mzee, naomba unipe huo mwezi. Kuna namna ya kuyazuia matangazo." Akauliza, "Namna gani?" Nikamwambia kesho nitakwenda dukani nimweleze.

Nieleze na hapa, maana ni jambo jepesi kuliko linavyosikika. Kila ukurasa unaoufungua kwenye simu una jina, lakini ujumbe kwenye mtandao hausafiri kwa majina, unasafiri kwa namba. Kwa hiyo simu yako, kabla haijaenda popote, inauliza: fulani anakaa wapi? Kuna mtambo kazi yake ni kujibu swali hilo tu, unaitwa DNS, na kwa kawaida unakaa kwenye kampuni inayokuuzia intaneti. Unajibu kila swali bila kuchagua. Ukurasa mmoja wa habari unaweza kuifanya simu yako iulize majina mengi ambayo wewe hukuyaandika: la anayeleta tangazo, la anayehesabu umesoma nini, la anayekumbuka ulisoma nini jana. Dukani kwa Mzee Yakubu, kila basi linaposhusha watu, mgeni hupita kwenye kaunta kuuliza nyumba ya mtu. Nilimwonyesha hapohapo. "Mgeni akikuuliza kwa Bi fulani, unamwelekeza. Akikuuliza nyumba ya mtu unayejua anauza gongo?"

"Namwambia simjui."

"Basi. Nitaweka kisanduku kidogo nyumbani. Simu zote, televisheni, kompyuta ya Naila, vitauliza kisanduku hicho kwanza. Kikiulizwa kwa watu wa kubeti na wenzao, kinasema simjui. Tangazo halifiki kwa sababu njia haikuelekezwa."

Akafikiri, akipima kitambaa cha mteja kwa mkono. "Kwa hiyo kitakuwa kinasema uongo, na Ramadhani hii."

"Hakisemi uongo, Mzee. Kinanyamaza."

"Kunyamaza sawa," alisema. "Wengi wangenyamaza tungepumzika."

Kisanduku nilikuwa nacho tayari, kompyuta ndogo ya ukubwa wa pakiti ya karata niliyokuwa nikiwafundishia wanafunzi. Programu yake ni ya bure, na orodha za majina ya kukataa zimeandaliwa na watu wasiojulikana wa nchi mbalimbali, watu niliowapenda bila kuwaona. Nilikiweka juu ya kabati la vyombo vya kioo, nikaiambia ruta kwamba maswali yote yaende kwake. Na kikafanya kazi. Naila alifungua gazeti kwenye kompyuta yake, kurasa zikatokea nyeupe, zimetulia, kama uwanja uliofagiliwa. Mchezo wa kupanga karanga wa Bi Hawa kwenye simu ukaacha kumwonyesha dawa za kupunguza tumbo. "Sasa hawa wamejuaje tumbo langu?" alikuwa akiuliza kila siku, na lile ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani mle. Nilimwonyesha kwenye kompyuta maswali yalivyokuwa yakiingia. Televisheni imezimwa, kila mtu yupo jikoni, nayo inauliza, inauliza, jina hilohilo, inakataliwa, inauliza tena. Mzee alisogea kusoma. "Televisheni yangu inampigia nani simu?"

"Watu wanaotaka kujua unatazama nini, Mzee."

"Si waje dukani waniulize."

Nilidhani nimeshinda. Asubuhi iliyofuata intaneti ilikuwa imekufa. Nikakirekebisha kisanduku, kikafanya kazi mchana na jioni, asubuhi kimekufa tena. Sikuelewa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha chaja, nikalaumu joto, nikalaumu mchwa. Kilichonifunza ni mtihani wa Naila, jaribio la kwanza la chuo, lililofunguliwa mtandaoni asubuhi kwa muda maalumu. Alikaa mezani akiwa amevaa vizuri kama anakwenda mahali. Ukurasa haukufunguka, na hakuna ukurasa wowote uliofunguka. Nilitoka chumbani nywele zimefungwa nusu, nikakuta memori kadi ya kisanduku imeharibika kabisa, na kwa sababu nyumba nzima nilikuwa nimeifundisha kumuuliza mmoja tu, yule mmoja alipokufa hakuna aliyejua njia ya kwenda popote. Naila alifanya jaribio kwenye simu kwa bando, amesimama dirishani kutafuta mtandao. "Dada Skola," aliniambia alipomaliza, kwa upole ambao uliniumiza zaidi, "Baba alitaka kukata baada ya Idi. Wewe umeanza mapema."

Ni Bi Hawa aliyenipa jibu, na kwake halikuwa jibu, ilikuwa habari ya kawaida. Duka lao la zamani liliungua kwa hitilafu ya umeme. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mzee anapotoka kwenda sokoni hupitia kwenye meni swichi na kuishusha, nyumba nzima inazimika, na Bi Hawa huipandisha mwenyewe akianza kazi. Walikuwa wakiishi hivyo miaka na miaka. Friji lilikuwa limezoea. Mimi nilikuwa na mita yangu uani, sikuwahi kujua. Kompyuta ile ndogo ni kama mtu anayeandika: ukimnyang'anya kalamu katikati ya neno kila siku, kitabu kitaharibika. Nilimfuata Mzee nikamwomba aache kuzima. "Mwalimu," alisema, "umeme ukiamka lazima awepo mtu macho." Hakukuwa na mjadala. Basi nikakihamishia kisanduku chumbani kwangu, kwenye mita yangu, nikapitisha waya wa mtandao kutoka sebuleni juu ya kamba ya nguo hadi dirishani. Bi Hawa alianza kuanika khanga juu yake. Nilimwomba asiuvute. Aliuvuta. Nilimweleza tena, kwa utulivu, nikimchekea, halafu nikaingia ndani nikauma taulo.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kile kimoja nilichoombwa. Simu zilikuwa safi, magazeti yalikuwa safi, televisheni ilikuwa ikikataliwa mchana kutwa, na bado, kila baada ya muda, kisomo cha Makka kilikatika na yule mwanamke akarudi na kicheko chake. Niliongeza orodha. Nilikaa chumbani alasiri nzima nikisoma maswali ya televisheni moja baada ya jingine, nikijaribu kukamata jina la aliyemleta. Nilipokataza jina moja tangazo lilikwisha, nikapiga kelele ya furaha, na uani Naila akaniambia hata kisomo kimekwisha, kioo ni cheusi. Nikaruhusu kisomo, na tangazo likarudi nalo. Ndipo nilipoelewa, na niliona haya kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Wenye mtandao ule wa video walikuwa wameyaweka matangazo na kisomo nyuma ya mlango mmoja, kwa jina moja. Kisanduku changu kilijua majina tu. Hakikuweza kuona anayetoka mlangoni ni nani. Sidhani kama nimewahi kukasirika hivyo na watu nisiowajua. Walikuwa wamefikiria. Kuna mtu mahali fulani, mwenye akili kuliko mimi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba Mzee wa Rasbura hawezi kusikiliza aya moja hadi mwisho.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimwambia Mzee nitampakulia visomo kwenye flashi, visivyo na tangazo lolote. "Kanda nilikuwa nazo tangu ujana," alisema. "Mimi nataka cha leo." Kulipia ili matangazo yatoke hatukuweza, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kadi ya kulipia mambo hayo. Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia. Imamu akaalikwa tena, kwa sababu Mzee alitaka kufuta aibu ya mara ya kwanza, na mimi nikaona siwezi kumwacha akae tena mbele ya mgeni wake akiniamini. Nilimkuta uani akichovya mswaki, nikamwambia yote: nyumba moja, mlango mmoja, anayetafutwa na asiyetakiwa wanakaa pamoja. "Nikisema simjui kwa mmoja, nimemkana na mwingine. Siwezi, Mzee."

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. "Umehangaika sana, mwanangu," alisema. Halafu akamgeukia binti yake, aliyekuwa akikata vitunguu na hakuinua uso. "Basi ni kama nilivyosema. Baada ya Idi."

Bi Hawa alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Hakuacha kukuna. "Baba Naila," alisema, "ile televisheni ina kitambaa."

"Ninakijua. Umekifuma wewe."

"Kina kazi gani?"

"Cha vumbi."

"Na huyo mwanamke wa kamari, yeye ni nini?"

Mzee alisimama na mswaki mdomoni. Mbuzi ilikuwa ikilia kwenye kifuu, kru, kru. Naila alikuwa ameacha kukata. "Unataka nikae pale kama mlinzi?" Mzee aliuliza.

"Dukani si unasimama kutwa? Unafunga na kufungua. Waya ukikatwa, huyu mtoto atakwenda bweni, nakwambia leo, nitampeleka mwenyewe na mguu wangu huu unaouma." Akagonga kifuu kwenye sinia. "Chagua kusimama au kukata."

Jioni ile tulikaa uani, kila mmoja na bakuli lake, hakuna aliyekula. Kisomo kilipanda, kikashuka. Kikakatika. Yule mwanamke alicheka mara moja tu, na tukasikia kochi likilalamika, hatua mbili za kandambili, kisha sauti ikafifia kwa rimoti. Tulijua bila kuona kwamba kitambaa cheupe kimeshuka juu ya kioo na Mzee amesimama pembeni yake, kanzu yake na maua ya waridi.

"Mzee Yakubu," imamu alisema, "Makka kumekuwaje, mbona giza?"

"Kuna watu wanapiga kelele sokoni, sheikh. Tusubiri wapite."

Wanaume walicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wenye tende mdomoni. Naila aliweka bakuli chini, akafunika uso kwa mtandio, na mabega yake yalitikisika, na sikujua kama anacheka pamoja nao au analia. Waya haukukatwa Idi ile, wala nyingine. Naila alimaliza masomo palepale mezani, na leo anasimamia hesabu za duka na za watu wengine pia. Mzee alisimama kila jioni ya kila Ramadhani, na kwa jinsi nilivyosimuliwa alikuja kuipenda kazi ile. Alikuwa akijua tangazo linakuja kabla halijaja. Mimi nilihama mwaka uliofuata, nikawaachia kisanduku, na nimefundisha watu wengi tangu hapo namna ya kukitengeneza, kwa moyo wote, maana kinasaidia, kinasaidia sana. Ila huwa nawaambia mapema kitu ambacho hakiwezi. Bado nikifika sehemu hiyo sauti yangu hubadilika, wanafunzi huangaliana.

Jioni ya arobaini, wageni walipopungua, Bi Hawa alisema, "Nifungulieni Makka." Naila akawasha, akaenda jikoni kutazama chai. Tulisikiliza, wanawake watano au sita, mgongo ukutani. Nilimuuliza Bi Hawa kwa sauti ya chini kuhusu kisanduku, akasema kilikufa zamani, wamekihifadhi kwenye kabati la vioo kwa sababu ni cha Mwalimu. Kisha kisomo kikakatika. Hakuwa yule mwanamke. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya heshima, iliyojaa adabu. Ilitusalimu kwa salamu ya Kiislamu, ikasema kwamba bado hujachelewa, kwamba nafasi za Hijja za mwaka huu zinajazwa sasa, jiandikishe wewe na mwenzi wako. Naila alikuwa ametokea mlangoni na birika. Aliniambia baadaye kwamba miezi ya mwisho baba yake alikuwa akiulizia habari za Hijja kwenye televisheni ile, kila siku, kwa kuongea na rimoti. Waliokuwa wakimfuatilia walikuwa wamesikia kila neno. Walijua anachotaka kuliko sisi. Jambo moja tu lilikuwa halijawafikia.

Kila mtu sebuleni aliangalia kochi la Mzee la pembeni, upande wa televisheni, ambako palikuwa na mto tu. Yule mwanamume aliendelea kumwita Mzee. Nikainuka, nikakishusha kitambaa juu ya kioo nikakinyoosha ncha kwa ncha.

"Wamepita?" Bi Hawa aliuliza.

"Bado, Mama."

"Basi simama hapo kidogo."

Nikasimama.